Mifuko ya Makoti

Siku ya gulio, Kiboriloni, nilijirekodi
nikipima zipu ya koti la kijani,
panda, shuka, panda, shuka,
nikasema, "Zipu haidanganyi, mtu ndiye hudanganya,"
nikatumbukiza simu kifuani, nikaendelea na kazi.

Usiku ule wakaja elfu tatu.
Elfu tatu! Hata msibani kwa baba,
na ng'ombe wawili walianguka,
hatukufika mia nne.

Sikulala. Nilianza kumwambia kila mmoja asante.
Nilidhani mfuasi ni mgeni, na mgeni hupewa kiti.
Kufikia alfajiri kidole gumba kimevimba
na asante zangu mia mbili zimejibiwa hivi:
Mambo mrembo.
Upo?
Mbona kimya?
Ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja Sospeta.
Mama, jiunge nasi utajirike kabla ya Krismasi.
Upo?
Na mmoja asiye na uso, picha yake gari jeupe,
aliandika saa tisa usiku: Nakuona.

Ananionaje? Nilikuwa gizani, chini ya blanketi,
nimejifunga kitenge kilichotoboka.
Hata hivyo niliinuka kuangalia komeo.

Kihambani kwetu, Kirua, hakuna ukuta.
Kuna masale tu, yamesimama mstari,
majani ambayo mtoto anaweza kuyavunja,
na bado hakuna mtu mzima anayeyavuka bila kusema hodi.
Mama alisema sale halifungi njia,
linamkumbusha mtu kwamba alilelewa.
Kwenye simu niliyatafuta masale, sikuyaona,
mpaka Ndeonansia wa duka la vocha akanionyesha
pale pa kufunga akaunti, pale pa kuzuia,
na chumba cha nyuma ambako ujumbe wa wageni hungoja
bila wao kujua kama umesoma.
"Dada, huwezi kuwapa wote chai,"
akasema, akanidai mia tano.

Nikazuia. Jamani, nilizuia!
Gari jeupe. Sospeta. Mrembo wa kwanza hadi wa sitini.
Raha yake kama kukata uzi kwa meno.
Na mmoja asiye na picha, jina tarakimu tupu:
Shangazi, simu imeibiwa, hii ni mpya, naomba elfu kumi ya nauli.
Ha! Shangazi.
Nikamzuia huku nacheka.
Akarudi na jina jingine: Shangazi ni mimi kweli.
Nikazuia. Wote husema ni wao kweli.

Jumamosi nafungua belo jipya,
mlima umejifunika tangu saa nne
na hakuna aliyeuuliza kwa nini,
namwona kijana anakuja kati ya viatu na mapazia,
vumbi hadi magotini,
mkononi jani la sale, limefungwa fundo.

Aminieli. Wa marehemu kaka yangu.
Kadandia lori la vitunguu toka Singida.
"Sijui nilikukosea nini, shangazi," akasema,
"lakini nimekuja."

Jani lile lilikuwa langu kulibeba, si lake.
Nilitaka kumwambia hivyo.
Nikamwambia, "Umekula?"

Sasa sale liko kwenye chupa ya soda, kando ya chaji.
Mlango sijaufungua wote. Asante za usiku nimeacha.
Ila jioni, nikishamaliza makoti
(maana koti la mtumba lazima uingize mkono mfukoni:
tishu ya mtu usiyemjua,
tiketi ya treni ya nchi yenye theluji,
mara moja, katika miaka kumi na moja, pete)
nafungua kile chumba cha nyuma.

Upo? Upo? Mrembo. Tuma.

Naingiza mkono polepole.