Ankara ya Januari

Imefika usiku, si kwa bahasha bali kwa mlio
wa kompyuta juu ya meza ya jikoni.
Nje, ziwa limeganda hadi kwenye mnara wa bandari,
na mimi, Lorna Niskala, mpishi wa shule ya msingi,
niwezaye kugawa supu kwa watoto mia tatu
bila kumwaga,
nimeshindwa na ukurasa mmoja.

Karo. Sawa, hiyo naijua.
Bweni. Chakula. (Chakula! Mwanangu hali hata kifungua kinywa.)
Ada ya teknolojia. Ada ya maabara.
Ada ya uwanja wa michezo ambao Tuuli
hajaukanyaga, maana anachukia kelele.
Ada ya huduma;
haisemi huduma gani.
Jumla: elfu tisa, mia nane sitini na nne.
Niliisoma kwa sauti. Paka akatoka.

Upande wa pili wameandika TUZO,
na chini yake mistari miwili:
ruzuku, elfu tatu mia tisa;
na nyingine, elfu mbili mia saba hamsini,
yenye jina refu la heshima.
Nilifurahi dakika kumi nzima.
Nikampigia dada yangu kule Hibbing:
mtoto kapata tuzo mbili!
Kisha nikazifikia zile herufi za sisimizi.
Tuzo ya pili hurudishwa, na riba juu.
Kumbe ni deni, limevaa suti ya harusi.
Tuuli alibonyeza "Nakubali" saa saba ya usiku,
kesho yake ana mtihani wa kemia,
kama mtu anavyofukuza nzi.

Asubuhi nikaomba ruhusa ya nusu siku.
Foleni ya dirisha la mhasibu imepinda
mpaka kwenye mashine ya soda.
Mbele yangu kijana, Tou Xiong,
buti zimeloa, karatasi kaikunja mara nne.
Kwao yeye ndiye msomaji wa barua zote
tangu ana miaka tisa:
za umeme, za hospitali, za mwenye nyumba.
"Mama, hapa kushoto ni wanachokudai.
Kulia ni kilichoingia.
Alama ya kutoa usiiogope, hiyo ni rafiki yako.
Na usianzie chini. Chini panatisha."
Kidole chake kikashuka, kikasimama.
"Hii bima ya afya. Binti hayumo kwenye bima yako ya kazini?"
Yumo. Tangu azaliwe yumo.
"Basi mnalipa mara mbili. Kuna fomu. Mwisho kesho."

Elfu moja, mia mbili na kumi.
Hakuna aliyeniambia. Hakuna aliyenificha pia:
ilikuwa pale, wazi, kama mlango
usiowekwa kitasa upande wangu.

Zamu yake ilipofika, Tou akanipisha nipite.
Nilidhani ni adabu.

Dawa ya deni kulipa, wanasema.
Hawasemi kwamba dawa nayo ina bei:
awamu nne, dola mia tano na moja kila awamu,
na thelathini na tano za kuruhusiwa kulipa kwa awamu.
Mwenye nazo, basi, hununua muhula uleule
kwa bei ya chini.
Nikamuuliza Bi. Ostrander wa dirishani
hizo thelathini na tano ni ada ya nini.
Akanitazama, si kwa ubaya.
"Ya kutokuwa nazo zote leo," akasema,
akapiga muhuri.

Nilipogeuka, Tou alikuwa kwenye benchi,
simu sikioni, akiongea Kihmong taratibu
na mtu wa nyumbani,
akitaja tarakimu mojamoja,
akinyamaza,
akizitaja tena.
Nikasimama na kofia mkononi.
Sikujua niseme nini, nikaondoka.

Garini, nikisubiri barafu iyeyuke kiooni,
nimeisoma upya, kuanzia juu.
Mstari wa mwisho kabisa sikuwa nimeuona:
Ada ya kuhitimu. Sifuri, kwa sasa.
Nao huo watautoza, najua, siku yake ikifika.
Nimeuzungushia kalamu.