Namba Mbili

Usiku wa pili. Kidude cha ukutani kinasema kumi na saba.
Bwana Petrie amekifungia ndani ya kisanduku cha plastiki
na ufunguo anatembea nao, huko Broughty Ferry, mfukoni mwa koti.
Gesi ni ya kadi. Kadi ina pauni moja na pensi arobaini.

Nimevaa soksi mbili mbili, kanga juu ya sweta,
na meno yanagongana
kama vikombe kwenye sinia la mtu mwenye haraka.

Kipimajoto cha kwapani: thelathini na tisa nukta mbili.

Basi ni hivi, najisimulia nisije nikalia.
Juzi kitu kiliingia, pengine kwenye basi la Ninewells,
pengine kwa kikohozi cha mtu aliyeniomba radhi.
Seli moja kubwa, ambayo kazi yake ni kumeza taka,
ikaupapasa ukuta wake gizani
ikamjua mgeni kwa vazi, si kwa sura.
Mficha maradhi kifo humuumbua, twasema.
Seli haijui kuficha.
Ikaanza kufuma: kwanza protini ndefu, butu,
mundu uliotoka kwa mhunzi bila makali,
ndipo kimeng'enya kikaja na mkasi
kikakata mahali pamoja, pamoja tu,
na kilichobaki kikawa na neno la kusema.

Interlukini. Ya kwanza, beta.
Jina la kutamkwa na mwenye ulimi mzima; wangu leo ni gunia.

Miaka minne naipima. Sahani ya visima tisini na sita,
damu ya watu nisiowajua, tone la vipande vya bakteria,
na kesho yake samawati inayogeuka njano nikitia asidi.
Njano ikikolea, Ishbel hupiga mluzi.
Naandika: pikogramu kadhaa,
kitu ambacho mizani ya sonara haikioni.
Miaka minne nimeiandika kwa kalamu
kama karani anayeandika majina ya wasafiri.
Leo imekuja yenyewe, imekaa kitandani.

Ubongoni haiingii hivi hivi. Hubisha hodi.
Wanaoitika ni seli za kuta za mishipa:
huchuna mafuta kwenye ngozi yao wenyewe,
huyapika yakawa prostaglandini,
na hiyo ndiyo inayopenya hadi kwa mshika joto,
kinundu cha kadiri ya lozi,
ikamwambia: pandisha.

Kule hakuna kisanduku. Hakuna Petrie.
Akapandisha hadi arobaini.

Nami nilikuwa thelathini na saba.
Kumbe baridi hii yote, mgongo huu unaoruka,
vidole vilivyonyimwa damu vikawa vyeupe kuchani,
ni hesabu ya kutoa.

Mama alipiga kutoka Muheza.
"Siwema, hiyo malaria."
Mama, mbu wa hivyo huku hakuna.
"Sasa ni nini?"
Ni mimi, Mama. Najipasha mwenyewe.
Kimya. Nikasikia mtu wa kwao akikwangua sufuria.
"Umekunywa uji?"

Vidonge viwili viko juu ya kitabu.
Nikivimeza, jiko la prostaglandini litazimwa,
mshika joto atarudi kwenye namba yake ya zamani
nami nitatoka jasho kama mtu aliyesamehewa.
Nimevitazama tangu saa nne.
Nilitaka kwanza kuifikia, hiyo arobaini,
nione kama mtetemo hukoma kweli.

Hukoma.
Hewa ni ile ile, kumi na saba, na mimi sina baridi.
Nikavimeza kwa chai iliyopoa.

Saa kumi alfajiri shuka limelowa.
Nimefungua dirisha: ukungu wa mto Tay umepanda Hilltown
umekula ghorofa za juu, shakwe analia ndani yake.
Nikamwandikia Ishbel kwa kidole chenye maji:
nitachelewa.
Asidi usitie. Nisubiri.