Sado Mbili za Dagaa

Limi, kaa juu ya begi, zipu imegoma.
Usiulize linanuka nini. Ni dagaa,
sado mbili, nimezichambua mwenyewe Mwaloni
tangu saa kumi na moja, vichwa nikatoa,
nikakaanga na ndimu, nikafunga nailoni tatu.

Ulinionyesha kwenye simu bei ya mkate wa Norwe.
Nikazidisha kwa vidole, nikarudia kwa kalamu,
nikamwita Masalu wa duka la dawa azidishe kwa mashine.
Jibu likawa lile lile. Tukanyamaza wote watatu.
Mkate!

Sasa nisikilize, nami nimesafiri.
Hujazaliwa bado, nilipeleka mzigo Bukoba,
lori likafa Biharamulo, tukalala siku mbili.
Nikala hotelini mara moja, moja tu,
wali na kinyama cha kupotelea kwenye jino,
faida ya gunia zima ikaondoka na sahani.
Tangu siku hiyo natembea na sufuria.
Tembea na sufuria.

Mko wanne, gari la kukodi, siku kumi na mbili,
mpaka huko juu ambako jua halizami.
Hilo nalo ni akiba: betri za tochi msinunue.
Pikeni kando ya barabara.
Unga nimekuwekea, wa muhogo na mtama,
na wenzako wakishangaa, wape tonge, watakoma kushangaa.

Unasema sheria ya kwao inaruhusu
mtu kupiga hema kwenye ardhi ya mtu, usiku mmoja, bure,
mradi asisogelee nyumba.
Nilikuuliza mara mbili. Bure?
Hapa ukiegemea tu jiwe la Capri Point
mlinzi anakuja kukuuliza unamjua nani.
Basi laleni. Kila usiku laleni juu ya sheria hiyo.

Madaraja yao yana kamera, yanakupiga picha
na bili inakufuata mpaka kitandani.
Picha hukuiomba, na yenyewe hupewi!
Someni ramani jioni, gari limezimwa,
msije mkatafuta njia huku mafuta yanaungua.

Maji usinunue, si unasema ya bomba ni matamu?
Na chupa tupu ukiirudisha dukani
mashine inakulipa.
Hiyo ndiyo iliyoninyima usingizi, Limi.
Doto wa hapa jirani, kwa chupa anazookota,
huko angekuwa na ghorofa.

Halafu kuna hili.
Ukiingia mgahawani (usiingie,
ila tuseme umeingia kuomba choo)
ukaona kwenye orodha samaki mweupe wa ziwa la mbali,
bei ya kukuangusha chini,
usimnunue. Namjua huyo.
Alipita kiwandani hapa chini, mnofu ukapanda ndege
bila kutuaga, mifupa ikabaki.
Niliinunua mimi, kwa ndoo, nikaikaanga barazani,
ikakupeleka darasa la kwanza mpaka kidato cha sita.
Usilipe mara mbili.

Mama yako anakohoa huko chumbani,
hataki nikutishe. Anasema usijibane ukaugua.
Haya. Siku moja nunueni kahawa,
kikombe kimoja kila mtu, mkae dirishani,
mnywe mpaka ipoe, mpaka waanze kupanga viti.
Baridi ya nje mmeikimbia kwa bei ya kahawa.

Inuka. Imefunga.

Mfuko wa pembeni, ndani ya soksi ya kijani,
kuna elfu kumi.
Najua, huko hainunui hata kijiti cha meno.
Si ya huko.
Ni ya bodaboda, siku utakayotua hapa.
Wakiona begi watakwambia elfu nane.
Cheka. Anza kutembea kuelekea Pasiansi,
taratibu, usigeuke nyuma.
Watakuita.