Kutoka Kule Juu

Walipopiga risasi tatu hewani, Ndekirwa,
ng'ombe wa Mama Foibe alikata kamba,
akapita katikati ya waombolezaji
na shada la maua limemning'inia pembeni.
Mchungaji alifumba macho.
Nikakutafuta kwa jicho la pembeni nione unavyocheka,
ndipo nikakumbuka uliyemo sandukuni ni wewe.

Kijana wa kikosi alinikabidhi bendera.
Ameikunja vizuri kuliko ulivyowahi kukunja shuka.
Akaniita Mama Sajini, akapiga saluti,
vidole vinamtetemeka.
Nikatamani kumpa uji.

Miaka arobaini na mitatu ni mingi kwa kuagwa.
"Nakwenda kuona tu nyuma ya kigongo kuna nini,"
ulikuwa ukisema, kama mtu anayekwenda kufunga banda,
na kigongo kikawa Kagera, kikawa Msumbiji,
kikawa Mawenzi bila kamba wala kiongozi,
siku ya likizo, mtu mzima, mkate mmoja mfukoni.
Ulirudi Mwika na kidole cha mguu cheusi
ukanionyesha kana kwamba ni nishani.

Mto Kagera uliuvuka na kamba katikati ya meno.
Mwaka wa kwanza wa ndoa yetu mamba alikuwa mmoja.
Alipozaliwa Nsia walikuwa watatu.
Kwenye harusi ya Nsia walijaa mto mzima,
nawe unawakanyaga migongoni
kama mawe ya kuvukia mfongo.
Sikukusahihisha.
Maana usiku hukuwahi kusimulia mamba.
Usiku uliketi kizingitini na tochi iliyozimwa
ukihesabu watu kwa majina nisiyoyajua,
na hesabu haikutimia hata siku moja.

Nina hasira pia. Acha niseme.
Aikande nilimzaa peke yangu, masika, daraja limebebwa na maji,
wewe uko Songea.
Ulikuja mtoto ana meno mawili,
na zawadi yake ndani ya begi la jeshi: kobe.
Kobe! Nyumba haina hata sukari.
Yupo mpaka leo. Anamaliza mchicha wangu,
na jana nilimkuta pale kaburini, shingo nje,
ametulia kama aliyeitwa kikaoni.

Halafu lile kopo la kahawa.
Ulilizika msituni, ukawapa watoto dira,
"Mkilipata, peremende zilizomo ni zenu."
Giza likaingia. Nilikutukana kwa Kichaga chote ninachokijua.
Aikande akatokea kwenye migomba,
goti limechanika, kopo kifuani,
na macho yale, yako,
nikajua huyu naye barabara imeshamchukua.
Sasa anaendesha lori, Tunduma hadi Lubumbashi.
Alipiga simu juzi. Hakulia.
Aliuliza kama viatu vya baba bado viko mlangoni.

Viko. Vinatazama nje, ulivyopenda.
Jioni nilikuwa navigeuza vitazame ndani,
asubuhi navikuta vimegeuzwa,
na hatukuwahi kulizungumza jambo hilo.

Jumanne, tanga limeshaondolewa, wageni wamekwisha,
nilijaza majani makavu ya mgomba kwenye ncha zake
nikavivaa.
Nilifuata mfongo mpaka chanzo.
Nikapita msitu. Nikapumzika mara saba,
mara ya tano nikiwa nimekaa kabisa, nikikulaumu kwa sauti.
Nikafika juu ya kigongo.

Nyuma yake kuna kigongo kingine.
Basi. Ndicho ulichokuwa ukikifuata.

Nikageuka nishuke,
na chini kule, katikati ya migomba ya watu wote,
nikaona kitu chekundu, kidogo kama kifungo cha shati:
lile bati moja la paa letu
ulilolipaka rangi mwaka ule,
nikakuuliza kwa nini moja tu,
ukasema rangi imekwisha.