Waliomo

Vuli ilichelewa wiki mbili mwaka ule,
na mfereji wa Chekereni ulibeba maji ya zamu,
maji membamba, ya kugombewa.
Niliamia ndege tangu alfajiri
kwa kopo tupu la rangi, kokoto saba ndani yake,
na sauti iliyokwisha kwa kuwafukuza kwelea.

Baba alikuja na bunduki ya marisau
kaifunga gunia la mbolea, kama mtoto mwenye homa.
Nyuma yake Mbazi, bwana maji,
na mbwa wa Mbazi, ambaye hajapewa jina hata leo.
Walifuata mabata,
wale wanaoshuka kila Novemba, hatujui watokako,
wakakaa majarubani kana kwamba wamelipia.

Lakini asubuhi ile mabata walijibana ukingoni
kama watu dukani anapoingia mgeni.
Katikati ya jaruba la mama Aikande
alielea mmoja, mweupe.
Si weupe wa yangeyange, ule wa kazini, wenye tope magotini.
Huu ulikuwa weupe wa kitambaa cha meza ya Bwana
kabla divai haijamwagika.
Shingo ilipinda, ikaenda, ikarudi,
mtu anaandika herufi ya kwanza ya jina lake
kisha anasita.

Kibo ikafunua shavu moja, ikachungulia, ikajifunika.

"Korongo," akasema Mbazi.
"Korongo ana miguu. Ya huyu iko wapi?"
"Basi bata bukini."
"Bukini gani mwenye shingo ya mpira wa maji?"
Mama Aikande, jembe begani:
"Kama ana nyama, ana jina.
Na huo mpunga anaoukalia ni wangu."

Baba hakucheka. Alilowesha kidole, akapima upepo.
Alikuwa mtu wa karatasi, baba yangu.
Risiti za mwaka wa mafuriko alizitunza koponi,
na hakufyatua hata risasi moja nje ya kibali,
hata mwaka tuliokula uji mchana na uji usiku.
Akatoa leseni mfukoni, mikunjo minne,
akanipa mimi, maana miwani yake ilivunjika Julai
na miwani mipya ilikuwa bado shambani, haijakomaa.

"Soma, Ndekirwa. Soma waliomo."

Nikasoma kwa sauti ya darasa la sita,
ile ya kusimama mbele ya mkaguzi.
Bata mdomo mwekundu, kumi. Bata kahawia, kumi.
Kwale, ishirini. Kanga. Njiwa.
Maji yalipiga ukingo, tap, tap.
"Huyu hayumo."

Akamtazama ndege. Akaitazama karatasi,
ambayo kwake ilikuwa ukungu wenye mhuri.
"Hayumo?"
"Hayumo, baba."
Akaikunjua bunduki, akatoa marisau,
akayaweka mfukoni penye ugoro.
Mbazi akatema mate. Mama Aikande akaondoka
akizilaani karatasi zote za nchi hii, moja moja.

Siku tatu alikaa. Ya nne, maji matupu
na unyoya mmoja,
ambao mama Aikande aliupakia mafuta chungu cha vitumbua
hadi ukabaki mfupa.

Tulipovuna, baba alishuka Moshi mjini kuuza gunia mbili.
Alirudi na chumvi, mafuta ya taa, na miwani.
Usiku huo taa ilichelewa kuzimwa.
Asubuhi akanituma maji, kama kawaida,
ila aliniita jina langu lote.

Sasa amelala mgombani, upande wa kaskazini, alikochagua.
Jana nimefungua kopo la risiti.
Leseni imo. Mikunjo minne naikumbuka, iko pale pale.
Chini ya mhuri, kwa herufi ndogo:
*na ndege wengine wote wa majini.*
Hapo ndipo kilipokuwa kidole gumba changu asubuhi ile,
tangu kabla hajasema soma.

Mkunjo wa tano si wangu.
Umepita juu ya mstari huo tu,
umekandamizwa kwa ukucha, taratibu,
na mtu aliyekwisha kuusoma.