Pete ya Mshipa

Saa kumi na moja alfajiri niko Vingunguti
na chupa ya chai isiyo na chai, ina barafu.
Chambuso wa machinjioni ananijua:
yule dada asiyetaka nyama.
Ananipa mshipa mkuu wa mbuzi,
mweupe, mgumu kama mpira wa jiko la gesi.
"Huo hata paka haugusi," anacheka.

Upanga, maabara, kabla umeme haujakatika,
naukata pete za milimita tatu tatu.
Moja naining'iniza kwa ndoano mbili
ndani ya maji ya chumvi na sukari
yenye joto la mwili, yanayopuliziwa hewa.
Ndoano ya juu imeshika uzi,
uzi umeshika mzani, mzani umeshika kalamu.
Mbuzi hayupo. Mshipa haujaambiwa.

Natia tone la kichocheo cha hofu.
Kalamu inapanda. Pete inajikaza
kama mtu aliyesikia hodi usiku wa manane.

Sasa majani ya Bi Sikudhani wa Tandika.
Jina la mti alininong'oneza; daftarini ni 14-B.
"Chemsha yafike rangi ya chai ya msibani," alisema.
Mikrogramu kumi: kimya.
Thelathini: kalamu inasita.
Mia: inashuka,
taratibu, kama bega la anayetua ndoo.

Dokta Rweikiza hakugeuza hata shingo:
"Pete ya pili. Isugue ndani, urudie."
Kuna utando humo, mwembamba kuliko wa kitunguu,
ndio unaogusana na damu.
Nikauondoa kwa waya.
Hofu: ikapanda.
Majani: kumi, thelathini, mia, mia tatu.
Kalamu ikakaa kileleni kama mdai mlangoni.

Kumbe jani halisemi na nyama ya mshipa.
Linasema na utando,
utando ndio unaoibembeleza nyama ilegee.
Usipokuwepo,
dawa inabisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa.

Mama, Mbagala Kizuiani,
mia na tisini kwa mia na kumi.
Miezi kumi na minne, bilauri ya maua,
akinywa asubuhi kabla hajafagia uwanja,
vidonge vya kliniki vikizeeka juu ya kabati.
Miaka miwili nilizunguka soko zima
nisipite kwa Bi Sikudhani,
mpaka Dokta aliponituma.

Pete ya mama sina.
Sijui miaka, chumvi na marejesho ya vikoba
viliuacha vipi utando wake.
Daftari langu linaishia kwa mbuzi.

Jumamosi nikampelekea karatasi.
Akaufuata mstari wa kwanza
kwa kidole cheusi kwa utomvu,
akashuka nao mpaka chini, akaguna, akaridhika.
Akafika wa pili, ule usioshuka.
"Na huu? Huu wa nani?"
"Wa mbuzi, bibi."
Akaniangalia.
Akaikunja karatasi mara mbili,
akaibana chini ya mizani yake,
akamgeukia mteja.