Usimuulize Mmoja

Nje, hapa Otaniemi, baridi ni nyuzi ishirini chini ya sifuri,
na bado, asema Eevastiina, nje ni jikoni
ukilinganisha na ndani ya pipa hili jeupe
lililoning'inizwa darini kama kengele iliyokatwa ulimi.

Zamu ya usiku. Kahawa imelala.
Ndani ya pipa, biti ishirini na tano za kwanta
zimebebeshwa neno moja tu:
ndiyo na hapana chini ya shuka moja.
Funua uone yupi ni yupi,
na mmoja utamkuta maiti.

Kwa hiyo hafunui.
"Siri hatuiulizi," anamwambia Jouko,
mlinzi aliyekuja na kikombe kuomba sukari,
"tunawauliza majirani, wanne wanne:
jumla yenu shufwa au witiri?
Hawasemi wamebeba nini. Wanasema shufwa.
Shufwa. Shufwa.
Wakisema witiri, ujue kosa limepita hapo,
limeacha matope ya viatu kizingitini,
nasi tunapangusa bila kumwamsha mwenye nyumba."

Jouko anakoroga, anakoroga.
"Kwetu Kuhmo," asema, "bibi alifukia gongo msituni,
akawagawia wanawe saba habari za mahali pale:
huyu hatua, yule mti, wa tatu upande wa jua.
Askari wa ushuru akawahoji mmoja mmoja.
Wote walisema kweli,
na kweli ya kila mmoja haikufaa hata kuwashia kiko.
Mjomba Urpo alipozama ziwani, sita waliobaki
waliketi, wakapatanisha, wakachimba,
wakanywa matangani kwake."

"Ndiyo hiyo!" Eevastiina anapiga meza.
"Ila wetu huzama kila ukifumba jicho, mara elfu, na sisi—"

Hapo anaacha kusema.

Skrini ni kijani, pembe hadi pembe.
Shufwa, shufwa, shufwa. Hakuna jirani aliyelalamika.
Lakini jaribio limekwisha, na neno waliloliweka likiwa limesimama
limetoka kichwa chini.

Kosa halikukanyaga hapa au pale.
Lilivuka uwanja mzima, ukuta hadi ukuta,
na kwa kila jirani liliacha nyayo mbili,
moja ya kuingia, moja ya kutoka,
na mbili ni shufwa.

Anaandika daftarini: saa tisa na robo usiku,
jaribio la elfu nne na kumi na moja. Limepotea.
Kesho watatandika uwanja mpana zaidi, biti arobaini na tisa,
labda kosa litachoka njiani.

"Hata sisi," asema Jouko mlangoni, akivuta kofia masikioni,
"mwaka mmoja wote sita walipatana kabisa.
Neno lao moja. Wakachimba hadi alfajiri."

"Wakapata nini?"

"Kijiko."

Akatoka na kikombe chake kwenye joto la nje.